Kilichofichwa Chini ya Karanga

Mumewe Martina, mwinjilisti Maduhu, alihubiri kwa Kiswahili kwa sababu kanisa lilitaka hivyo. Lakini nusu ya waumini wa kijiji chao kule Ushetu walikuwa bibi na babu waliozaliwa na Kisukuma na watakaozikwa nacho, basi Martina alisimama ubavuni kwa mumewe akitafsiri. Maduhu akisema sentensi moja, Martina alitoa tano. Maduhu akisema Yona alimezwa na samaki, Martina alieleza samaki alikuwa na ukubwa gani, tumboni mwake kulinuka nini, na Yona mle ndani aliwaza nini juu ya mkewe. Biblia haisemi kama Yona alikuwa na mke. Martina aliona mwanamume hakimbii mbali kiasi kile kama hana mke.

Miaka kumi na tisa walifanya kazi hivyo. Walizika pamoja, wakasuluhisha ndoa za watu pamoja, wakatembelea wagonjwa kwa baiskeli moja, Maduhu akikanyaga pedeli na Martina nyuma akimwonyesha mashimo baada ya kuyapita. Hata hivyo, kwenye daftari la kanisa liliandikwa jina moja tu. Martina aliandikwa "na mkewe".

Sasa akaja mchungaji mpya wa Nyahanga, Edward, mtu wa Moshi, aliyekuwa na miezi minane tu Kahama na ambaye Kisukuma chake chote kilikuwa mwangaluka, salamu ya asubuhi, aliyoitoa hata jua likizama. Mchungaji huyo alitaka kufungua kanisa kwenye rashi mpya ya dhahabu, machimbo yaliyozuka ghafla, upande wa Geita. Aliwaambia wazi kule kukoje. Mchimbaji haingii kwenye duara, yaani shimo lake, kabla hajamwuliza mganga. Akipata dhahabu anamshukuru mganga, asipopata anabadilisha mganga, shimo ni lile lile. Mchungaji anahitaji watu wawili waliokwisha kuachana na mambo hayo mpaka mizizi. Jumapili atakuja kuwawekea mikono, wote wawili kwa pamoja, na kwenye daftari yataandikwa majina mawili.

Martina aliposikia majina mawili, alikwenda nyuma ya jiko akakaa peke yake kidogo. Akarudi akasema moshi umemwingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Jumamosi, siku moja kabla ya kuwekewa mikono, kulikuwa na mbina, mashindano ya ngoma.

Karanga zilikuwa zimevunwa, tumbaku imeuzwa, watu wana nafasi ya kucheza. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma tangu zamani, wangeshindana kwenye uwanja wa mpira, na mashindano yao yana sheria moja tu: makundi yote mawili yanacheza saa ile ile, kila moja upande wake, na watazamaji wanakwenda wanakovutwa. Hakuna waamuzi wenye kalamu. Upande utakaojaza watu ndio ulioshinda. Ndiyo maana kila kundi huwa na mfumu wake, mganga wa kuchanganya dawa ya mvuto, na mchezaji hachezi mpaka apakwe. Zawadi mwaka huu ilikuwa ng'ombe dume mweupe mwenye baka jeusi begani.

Maduhu, kabla hajaokoka, alikuwa Mgika. Si Mgika wa kupiga makofi pembeni, bali yule anayeingia mwisho, njuga miguuni, na watu wanaacha soda zao. Martina alikuwa Mgalu wa kuzaliwa. Baba yake ndiye aliyekuwa mfumu wa Wagalu, na Martina ndiye aliyetangulia mbele ya kundi akipunga usinga wa mkia wa nyumbu uliolowekwa dawa. Walipendana uwanjani hivi: mwaka mmoja Wagalu walishindwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Martina, aliyeweka usinga kwapani akavuka uwanja kwenda kuitazama miguu ya Maduhu kwa karibu. Baba yake hakusema naye mpaka mvua zikanyesha.

Siku ya ubatizo wao walichoma vitu vyote vya mbina mbele ya kanisa. Kila mtu aliona moto.

Jumatano akaja Mwigulu, kiongozi wa Wagika. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti ndogo ya kubembeleza. Akaketi, akasifu nyumba, akasifu kuku, akaisifu miguu ya Maduhu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha akaeleza shida yake. Mchezaji wao mkuu alikuwa amedondoka kwenye bodaboda, mguu umefungwa plasta. Wagalu wameshasikia, wanacheka tangu Jumatatu. Alichoomba ni mzunguko mmoja tu, dakika kumi, na dawa Maduhu angepakwa kidogo mno, kisiginoni, mahali ambapo hata Mungu hana sababu ya kuangalia.

Martina akamletea uji usio na sukari.

Maduhu alikuna kidevu. "Nitaliombea," akasema.

Hapo ndipo Martina alipoogopa. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka thelathini na miwili, na alijua kwamba Maduhu huombea yale anayotaka kuyafanya. Asiyoyataka huyakataa papo hapo. Isitoshe alikuwa ameinama kuokota kibuyu, akaona chini ya meza dole gumba la mguu wa kulia wa mtumishi wa Bwana likipiga sakafu, polepole, kwa mwendo wa Kigika.

Mwigulu alipoondoka, Martina akaenda kwenye kihenge cha karanga. Alikuwa na shughuli yake humo.

Shughuli yenyewe ilikuwa hivi. Siku ile ya ubatizo, Martina alichoma usinga. Ila haukuwa ule wa baba yake. Alichoma wa kufukuzia nzi, aliouomba kwa jirani. Ule wenyewe aliufunga kwenye kitambaa akauzika chini kabisa ya kihenge, na kila mwaka karanga mpya ziliumwagikia juu. Hakuutumia. Alijiambia ni kumbukumbu ya marehemu. Mara moja kwa mwaka, kihenge kikikaribia kuisha, aliupapasa tu kujua kama upo. Lakini mikono ya mchungaji itue kichwani kwake na usinga uko kihengeni, hapana, hilo lilimshinda. Alikusudia kuutoa na kuuchoma, mara hii kweli.

Akaingiza mkono mpaka begani. Akapapasa kitambaa, uko. Akapapasa pembeni yake kidogo, akagusa kitu cha baridi, cha duara, chenye kipande kinachocheza ndani yake. Akakitikisa. Kikalia.

Njuga za Maduhu.

Martina alibaki ameegemea kihenge, mkono ndani, kama mtu anayemsaidia ng'ombe kuzaa. Kumbe na yeye. Kumbe siku ile mbele ya kanisa zima alichoma njuga za nani? Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Mtu wa kuhubiri juu ya Anania na Safira, mume na mke waliokufa kwa kuficha, mara mbili kwa mwaka, kwa machozi. Akageuka kumwita. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Kwa sababu swali la kwanza la Maduhu, aliyemwita kwa jina la mtoto wao, lingekuwa: Mama Hosiana, na mkono wako ulikuwa unatafuta nini humo?

Akazirudisha njuga mahali pake, akaurudisha usinga, akavifunika vizuri kwa karanga, akamtengea mumewe ugali. Alhamisi na Ijumaa wakaishi hivyo, wapole kupita kawaida. Maduhu alimsifia mboga. Martina alimkaribisha maji ya kuoga kabla hajaomba. Jirani yao Lusia aliyewaona alidhani kuna msiba ambao bado haujatangazwa.

Jumamosi saa nane ngoma zikaanza. Martina alikuwa anafua nguo za kesho. Alisikia ngoma ya Kigalu kwanza, na bega lake la kushoto likapanda lenyewe. Akalishusha kwa mkono wa kulia, akaendelea kufua. Kisha ikaingia ya Kigika. Akamwita mumewe. Akaenda chumbani, akazunguka nyumba, hayupo, na baiskeli ipo.

Akakimbilia kihengeni. Kifuniko kilikuwa pembeni na karanga zimemwagika chini. Akaingiza mkono: njuga hakuna. Akapapasa tena: na usinga hakuna.

Sasa Martina akaunganisha mambo. Maduhu amekwenda kucheza. Amechukua njuga zake, na kama haitoshi, amechukua usinga wa Wagalu akaupunge upande wa Wagika. Alijua vizuri kabisa kwamba linalopaswa kumuuma ni dhambi. Lakini kilichomfanya atoke mbio na povu la sabuni mikononi ni lile la pili, la usinga.

Uwanja ulikuwa umefurika pande zote mbili, na katikati kulikuwa na njia tupu ya vumbi. Katikati ya njia hiyo alisimama Maduhu, amevaa shati lake la kanisani, amebeba kiroba begani, na Mwigulu amemshika mkono. Maduhu alikuwa anajaribu kuendelea na safari. Kila alipovuta mguu, kiroba kililia njuga, na kila kilipolia, Wagika walishangilia.

Yeye Maduhu, ukweli wake ulikuwa huu, ingawa Martina aliujua baadaye. Mchana huo alishindwa kuvumilia. Aliamua kuzitoa njuga na kumpelekea mchungaji mkononi, atubu kabla ya kesho. Katika kuzitafuta akaukuta usinga, akautambua, akaketi chini kwenye karanga. Kumbe na yeye. Akatia vyote kirobani. Mchungaji alikuwa amefikia kwa mzee wa kanisa, ng'ambo ya uwanja, na njia haikuwa nyingine.

Martina hakujua hayo. Alifika, akashika ncha ya kiroba, akavuta.

"Usinga wa baba yangu," akasema. "Kwa Wagika."

"Mama Hosiana, na ulikuwa unafanya nini kwenye karanga?"

"Nilikuwa natafuta kitu nikichome."

"Na mimi hivyo hivyo."

"Na miaka kumi na tisa ulikuwa unatafuta kiberiti?"

Watu wa mbele wakacheka. Wa nyuma wakauliza wamesema nini. Maduhu akavuta kiroba, Martina akavuta, na njuga zikalia kwa mpangilio, kwa sababu watu waliokaa pamoja miaka thelathini na miwili hata kuvutana huvutana kwa zamu. Mpiga ngoma wa Wagika akaona hiyo ni nafasi, akaanza kuwafuata. Kisha kiroba kikapasuka, usinga ukamwangukia Martina mkononi, na wazee wa Kigalu walioutambua wakainuka kwenye viti. Ngoma yao ikabadilika ikapiga ule mwendo wa zamani, wa baba yake.

Bega la kushoto likapanda. Martina akalitafuta kwa mkono wa kulia akakuta mkono wa kulia umeshika usinga. Ukapunga mara moja. Mara ya pili. Na mbele yake njuga zilikuwa zimedondokea mguuni kwa Maduhu, na lile dole gumba likipiga chini, tena mchana kweupe.

Watu wakahama. Wagika waliacha upande wao, Wagalu wakaacha wao, wauza karanga, wauza miwa, hata Hamza, mwenye soda, aliburuta kreti zake kusogea karibu. Wachezaji wakabaki wanawachezea mbuzi. Na mbele kabisa ya duara hilo, chupa ya soda mkononi, amesimama Mchungaji Edward, aliyekuwa ametoka tu kuangalia kelele ni za nini.

"Mwangaluka," akasema.

Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Martina aliona miaka kumi na tisa ikimtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Aliona rashi ya Geita ikienda, aliona daftari, na majina mawili yakifutwa. Akaona pia, upande wa pili wa usinga, uso wa Maduhu. Mtu yule alikuwa amekauka kama samaki wa mnadani.

Maduhu ndiye aliyeanza. Akasema kwa Kiswahili, mbele ya wote, kwamba njuga zile ni zake. Siku ya ubatizo alichoma mbovu alizookota kwa fundi. Ameshika injili kwa mkono mmoja miaka yote hiyo, na mkono wa pili aliuacha kihengeni. Leo alikuwa anazipeleka kwa mchungaji. Lakini akisema kwamba Jumatano hakutamani kwenda kucheza, atakuwa ameongeza uongo juu ya njuga.

Na Martina, bila kufikiri, kwa mazoea tu, akatafsiri. Sentensi kwa sentensi, kwa Kisukuma. Mara hii hakuongeza hata neno moja, na bibi waliomzoea walishangaa kuliko walivyoshangazwa na njuga.

Kisha zamu yake. Yeye mambo mazito huyasema kwa Kisukuma. Kiswahili hakimfikii huko chini. Akaeleza yote: usinga wa jirani uliochomwa, wa baba yake uliofichwa, kupapasa kila mwaka, njuga alizozikuta Jumatano akanyamaza ili asiulizwe, na kwamba alipokuja mbio uwanjani hakuja kumwokoa mume na dhambi, alikuja kwa sababu ya Wagika. Akamaliza. Uwanja mzima ulimwelewa isipokuwa mtu mmoja, ambaye ndiye pekee mwenye daftari.

Mchungaji Edward akamgeukia Maduhu. Akauliza mama amesema nini.

Hapo Maduhu alipata mwanya, na kila mtu aliuona. Angeweza kusema mkewe anaomba msamaha kwa kelele. Angeweza kusema amekuja kumrudisha nyumbani, na lingekuwa karibu na kweli. Angebeba yote yeye, na jina moja lingebaki safi. Akamtazama Martina, midomo ikitafuta pa kuanzia, na Martina akamjua anachotaka kukifanya.

"Mwambie kama nilivyosema," akamwambia. "Usinipunguzie."

Akatafsiri. Miaka kumi na tisa Martina alikuwa mdomo wa Maduhu. Siku hiyo Maduhu akawa mdomo wa Martina, na hakuiruka hata ile ya Wagika. Mchungaji alisikiliza akiwa ameshika chupa kwa mikono miwili. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye moto.

Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi akasogeza jiko lake. Usinga uliungua ukatoa harufu iliyotawanya watu wengi kuliko mvua. Njuga zilikataa kuungua, maana chuma ni chuma. Ziligeuka nyeusi tu na kukaa pale kwenye makaa zikiwatazama. Ikabidi zipelekwe kwenye choo cha shimo cha uwanjani, na Maduhu akazitumbukiza mwenyewe. Zililia kidogo zikishuka.

Mwenyekiti wa kijiji hapo alikuwa na tatizo lake. Sheria ni kwamba penye watu ndipo penye ushindi, na watu wote walikuwa hapa. Akaja na kamba mkononi, na ng'ombe nyuma ya kamba, akawauliza wapelekewe nyumbani au wamswage wenyewe. Maduhu akasema hawakuja kushindana. Martina akatikisa kichwa kukubali, ingawa alikuwa amelitazama baka lile begani, akaliwazia na ini lililokuwa chini yake, na aliliaga kimoyomoyo kwa heshima. Ng'ombe akachinjwa, pande zote mbili zikala, na huo ulikuwa mwaka wa kwanza ambao hakuna aliyepigwa baada ya mbina.

Usiulize kama Martina alilala. Jumapili mchungaji aliwasimamisha mbele ya waumini, akasema alikuwa akitafuta watu wasio na kitu kihengeni, na katika usharika wote hajawapata, yeye mwenyewe akiwemo. Amewapata hawa wawili waliokitoa. Akawawekea mikono. Kisha akafungua daftari mbele ya watu, na Martina, darasa la saba wa zamani sana, akasoma jina lake herufi kwa herufi, akamwambia mchungaji kwamba jina Martina halina "e".

Walipofika kwenye rashi upande wa Geita, habari zilikuwa zimefika kabla yao. Kanisa lilikuwa turubai na nguzo nne. Jumapili ya kwanza walikuta watu kama mia mbili, wachimbaji kwa wenye maduara, wengine wamekuja na kuku weupe kwapani, wa kumpa mganga. Mbele alikaa Mwigulu, aliyekuwa amesafiri tangu alfajiri. Akawavuta pembeni akawanong'oneza kwa ile sauti yake ndogo: dawa iliyohamisha pande zote mbili kwa dakika tano, waliipata kwa mfumu gani? Yeye atatunza siri. Hawa wengine nao wanataka ya kuvutia dhahabu.

Maduhu akatazama umati. Alikuwa hajawahi kuhubiria watu mia mbili. Akamnong'oneza mkewe kwamba labda wahubiri kwanza, waeleze baadaye, watu wakishapata neno.

Martina alimtazama tu, kama anayetazama kihenge.

Maduhu akapanda mbele akaeleza kwanza. Hakuna dawa. Watu wale walihama kwa sababu waliona mzee na mkewe wakigombana hadharani, na hiyo hupatikana kila kijiji bila mganga. Martina akatafsiri, na mara hii aliongeza kidogo. Watu wakaanza kuinuka, kuku wakipiga kelele. Ndani ya muda mfupi walibaki kumi na mmoja, na Mwigulu, aliyesema basi la kurudi ni la saa tisa hivyo hana pa kwenda, na kuku mmoja mweupe ambaye mmiliki wake aliona aibu kusimama naye.

Martina akaanzisha wimbo. Mtu mmoja akaanza kupiga ndoo ya plastiki, vizuri kuliko alivyotarajia. Bega la kushoto likapanda. Maduhu akakohoa. Martina akalishusha, kisha, akiendelea kuimba, akainama kidogo kuangalia kiatu cha kulia cha mumewe.